Zumari la Santiago: Wachina wa Kuba na Upungufu wa Neno "Athari"

Miongoni mwa maneno ambayo uhakiki wa Kiswahili umeyazoea hata ukaacha kuyachunguza, neno athari lina nafasi ya mbele. Husemwa athari za Kiarabu katika Kiswahili, athari za Kifaransa katika Kiswahili cha Lubumbashi, athari za tenzi katika riwaya. Na kila linapotamkwa, msikilizaji huelewa kwamba yuko mtoaji mwenye mali na mpokeaji mwenye mikono mitupu. Asili ya neno ni Kiarabu, ambako hutaja alama inayobaki baada ya kitu kupita, mfano wa nyayo mchangani. Kiswahili kimelitwaa na kulisukuma upande mwingine: athari imekuwa nguvu inayotenda, na mara nyingi imekuwa madhara. Aliyeathirika ni aliyepatwa na jambo, wala si aliyelitenda.

Makala haya yanalipeleka neno hilo kwenye mtihani wa mbali kidogo, nao ni kisiwa cha Kuba (kisichohusiana na Wakuba wa Kasai ila kwa kufanana matamshi) na wahamiaji wa Kichina waliopelekwa huko katika karne ya 19. Mfano huo umechaguliwa kwa sababu mbili. Waandishi wa habari za Wachina walioenea ulimwenguni hupenda kuhesabu: mikahawa mingapi, mitaa mingapi yenye taa nyekundu, sherehe ngapi za mwaka mpya. Kuba, ambako Wachina wazaliwa wa China wamebaki wachache mno, hesabu ya namna hiyo hutoa jibu dogo, ilhali alama zao zimeenea kisiwa kizima. Zaidi ya hayo, alama hizo zimehifadhiwa kwa sehemu kubwa na watu weusi, ambao baadhi ya mababu zao walichukuliwa kutoka nchi za Kongo. Mkongo asomaye habari hizi, basi, hasomi habari za wageni watupu.

Historia yenyewe yajulikana. Tarehe 3 Juni 1847 merikebu Oquendo ilitia nanga Havana ikiwa na Wachina 206. Tangu mwaka huo hadi 1874, watu wapatao 125,000 walifikishwa kisiwani, wengi wao wenyeji wa Guangdong, na wengi wakipitia bandari ya Macau. Kila mmoja alitia sahihi, au alitiliwa sahihi, mkataba wa miaka 8 kwa ujira wa peso 4 kwa mwezi. Waliitwa makuli, Kiswahili nacho kinalo neno hilo, na pwani bado linamtaja mbeba mizigo wa bandarini. Kwa jina hawakuwa watumwa. Lakini mwaka 1874 serikali ya China ilipomtuma Chen Lanbin kuchunguza hali yao, tume yake ilikusanya ushahidi wa midomo 1,176, na humo mashahidi walieleza jinsi walivyotekwa au kudanganywa, walivyouzwa kwa mnada, na walivyopigwa katika mashamba ya miwa pamoja na watumwa weusi ambao utumwa wao ulikuwa haujafutwa. Haukufutwa hadi 1886. Karibu wote walikuwa wanaume. Waliomaliza mkataba na kubaki, wengi waliishi na wanawake weusi au machotara, na watoto wao walilelewa na mama ambao hawakujua Kikantoni.

Hapo ndipo hesabu ya mikahawa inapokwama. Wali wa kukaanga wa Kichina unaliwa Havana kama unavyoliwa kwingineko duniani, na katika mtaa wa Dragones liko lango kubwa la mtindo wa Kichina lililosimamishwa mwaka 1999 kwa msaada wa China. Lango hilo ni zuri. Lakini lilijengwa wakati mtaa nyuma yake ulikuwa umekwisha kupoteza wenyewe, kwani biashara ndogondogo zilitaifishwa mwaka 1968 na familia nyingi zilikuwa zimehamia Marekani. Lango humwonyesha mtalii kwamba Wachina walikuwapo. Halionyeshi walifanya nini, wala walifanyiwa nini.

Atakaye kujua hayo na aende upande wa mashariki, Santiago, mwezi wa Julai, wakati wa kanivali. Huko kila mtaa mashuhuri una conga yake, yaani kundi la wapigaji linalotembea barabarani likifuatwa na umati unaocheza. Jina conga watu wengi hulihusisha na Kongo, na ngoma ndefu za kundi hilo, ziitwazo bocú, hubebwa begani na kupigwa kwa viganja. Pamoja nazo hugongwa vyuma vya breki vilivyong'olewa katika magari makuukuu. Juu ya ngurumo hiyo yote hupaa sauti moja kali, nyembamba, yenye kupasua: ni sauti ya corneta china, zumari la Kichina. Ndilo linaloanzisha wimbo. Mpulizaji hutoa sentensi ya kwanza ya tuni, umati huitambua papo hapo na kuitikia kwa maneno. Zumari likinyamaza ngoma zaweza kuendelea, lakini watu hawana cha kuimba.

Mwaka unaotajwa kwa kawaida kuwa ndio zumari hilo lilipoingia katika kanivali ya Santiago ni 1915. Haikuchukua muda likawa sauti ya mji wenyewe. Mtu wa Santiago aliye ugenini akilisikia hakumbuki Guangdong, akumbuka kwao. Wanaolipuliza kwa ustadi ni watu wa mitaa ya weusi kama Los Hoyos, na mtindo wao wa kulipuliza si ule wa arusi na mazishi ya Kichina. Wamelifundisha kuita na kuitikiwa, kama kiongozi wa ngoma na wafuasi wake. Swali la uhakiki ni hili: je, jambo hilo liitwe athari ya Wachina? Aliyelileta zumari ni Mchina. Aliyelipa kazi mpya, cheo kipya na lugha mpya ni mtu mweusi wa Santiago, ambaye hakuna aliyemlazimisha wala kumwomba. Kusema kwamba "ameathiriwa" ni kumpokonya kitendo chake.

Tena jambo lina kina zaidi. Zumari hilo kwa Kichina huitwa suona, na neno hilo si la Kichina kwa asili: limetokana na surna la Kiajemi, jina la chombo kilichofika China kwa njia za biashara za Asia ya Kati. Wachina walilitwaa, wakalifanya lao hata mataifa mengine yakaliona kuwa la Kichina kabisa. Jamaa wa chombo hichohicho alivuka bahari upande wa magharibi akafika mwambao wa Afrika ya Mashariki, na Waswahili wakamwita nzumari au zumari kwa jina lenye asili ya Kiarabu. Kwa hiyo makala haya yanapotumia neno zumari hayatumii tafsiri ya kubahatisha: chombo cha Santiago na kile cha Lamu ni ndugu waliopotezana. Katika ukoo kama huo, ni nani mtoaji wa kwanza? Anayefuata nyayo kurudi nyuma akidhani atafika mahali penye mwenye mali asiyekopa, hafiki.

Lugha ya Kihispania ya kisiwani nayo yatoa ushahidi, na hapa mwanaisimu ana la kusema zaidi ya mwanamuziki. Wachina walileta mchezo wa bahati nasibu wa picha 36 ambao Kuba huitwa charada china. Kila namba ina umbo lake: 1 ni farasi, 2 ni kipepeo, 3 ni baharia, 4 ni paka, 8 ni maiti. Umbo maarufu la mchezo huo ni mchoro wa Mchina mmoja ambaye mwili wake mzima umejaa wanyama na vitu hivyo. Watu wa Kuba waliurefusha mchezo hadi namba 100, wakaongeza watakatifu wa Kikatoliki na mambo ya nyumbani, na wakautia katika ufasiri wa ndoto. Aliyeota maiti hucheza 8. Serikali ya mapinduzi ilipiga marufuku kamari baada ya 1959, ila mchezo uliendelea kwa siri, na namba zake zikabaki katika mazungumzo ya kila siku kama msamiati wa pili wa hesabu. Fidel Castro aliitwa Farasi, na wengi huieleza lakabu hiyo kwa namba 1 ya charada. Hebu lifikiriwe jambo hilo: kiongozi aliyefuta kamari anasifiwa mitaani kwa lugha ya kamari ya makuli!

Misemo si ya sifa peke yake. Mgonjwa asiye na tumaini husemwa kwamba hata tabibu Mchina hamponyi, msemo ambao mara nyingi huhusishwa na mganga Cham Bom-biá, aliyetibu watu Cárdenas katika karne ya 19. Humo mna heshima: tabibu huyo ndiye kikomo cha uwezo wa binadamu. Lakini mtu mwenye mkosi husemwa kuwa "ana Mchina nyuma yake". Wasimulizi wa mchango wa Wachina hupenda kuutaja msemo wa kwanza na kuusahau wa pili, ilhali yote miwili ilitungwa na jamii moja. Mnara uliosimamishwa Havana mwaka 1931 kuwaenzi Wachina waliopigana vita vya uhuru hubeba maneno yanayowasifu kuwa hakutokea mtoro wala msaliti miongoni mwao. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, mnara huandikwa na dola, na msemo huandikwa na watu wa mitaani. Mhakiki anayesoma mnara peke yake amesoma nusu ya kitabu.

Kuhusu dini yafaa kuwa na hadhari. Wachina wa Kuba walimheshimu jemadari wa kale Guan Gong, na jina lake la utukufu likageuka katika vinywa vya Kihispania kuwa San Fan Con, kana kwamba ni mtakatifu wa Kanisa. Mara nyingi huandikwa kwamba yeye ndiye Changó, mungu wa radi wa Wayoruba, kwa vile wote wawili wana rangi nyekundu na silaha. Ulinganisho huo wavutia, na wako waumini wanaoushika. Lakini rangi nyekundu haitoshi kuunganisha miungu miwili katika kitabu cha kitaalamu. Panatakiwa ibada, sala, na mahali ambapo watu walewale waliwahudumia wote wawili. Tofauti inaonekana mara moja ukitazama neno nganga. Katika dini ya Palo, yenye asili ya Kongo, nganga ni chungu kitakatifu chenye nguvu za wafu, na mwenye nacho ni Tata Nganga. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uhusiano wake na neno mganga. Hapo mna neno, mna kitu, mna mtu na kazi yake. Kwa San Fan Con na Changó mara nyingi mna rangi tu.

Fasihi imeutazamaje mkutano huu? Riwaya ya Severo Sarduy iitwayo De donde son los cantantes, iliyotoka mwaka 1967, iliwapa Wachina nafasi ambayo waandishi wengi wa Kuba walikuwa wamewanyima: iliwafanya kuwa mmoja wa mizizi mitatu ya taifa, pamoja na Wahispania na Waafrika. Hilo lilikuwa jambo la ujasiri. Lakini Sarduy amewagawia wote watatu sehemu zao mbalimbali, na sehemu ya Wachina ameiweka katika ulimwengu wa jukwaa la mtaa wa Wachina, mahali pa maleba na vipodozi. Mchina wake huonekana sana, ila hafanyi kazi. Miwa haimo. Cristina García, katika Monkey Hunting (2003), amefanya kinyume: Chen Pan afika mwaka 1857, aonja shamba la miwa na bakora, akimbia, afungua duka Havana, kisha amnunua mtumwa Lucrecia pamoja na mwanawe, na ukoo wao waendelea hadi vita vya Vietnam. Hapo Mchina na mwanamke mweusi wamo katika chumba kimoja, na uhuru wa mmoja umeshikwa na mwenziwe. Udhaifu wa riwaya ni kwamba ukoo wafuatwa kwa damu ya Chen Pan. Lucrecia apendwa na mwandishi, lakini hana nasaba yake inayofika mbali vile. Aliyetoka ng'ambo ya Pasifiki apewa historia. Aliyetoka ng'ambo ya Atlantiki apewa utu wema.

Wifredo Lam aliubeba mkutano huo mwilini mwake. Alizaliwa Sagua la Grande mwaka 1902, baba yake Mchina kutoka Guangdong, mama yake mwenye damu ya Kihispania na ya Kongo. Akaishi Hispania, kisha Paris alikofahamiana na Picasso, akarejea Kuba mwaka 1941, na mwaka 1943 akakamilisha La Jungla, mchoro mkubwa unaozidi mita mbili kila upande, uliochorwa juu ya karatasi. Jumba la Sanaa za Kisasa la New York liliununua mwaka 1945. Kwa miaka mingi uliangikwa kwenye njia ya kuingilia, karibu na mahali pa kuwekea makoti, na mwaka 1988 mshairi na mhakiki John Yau, mwenyewe mzaliwa wa wahamiaji wa Kichina Marekani, aliandika insha ya kulaumu jambo hilo na kulaumu uhakiki uliomfanya Lam kuwa mwanafunzi wa Picasso tu. Lawama ilistahili. Waliofuata, hata hivyo, wamekwenda kutafuta Uchina wa Lam katika mistari yake, wakisema ni mistari ya kalamu ya baba. Ni dai rahisi kutamka na gumu kuthibitisha. Mwenye macho na atazame kilichochorwa. Jina lasema msitu, lakini mashina yaliyosimama wima, yenye pingili, ni ya miwa, na katikati yake wamo viumbe wenye nyuso za mwezi mwandamo na miguu mirefu isiyotofautiana na mashina hayo. Shamba la miwa ndipo mahali ambapo kuli na mtumwa walikutana bila kuchaguana. Kama Mchina yumo katika La Jungla, yumo hapo, katika shamba lenyewe, kabla ya kuwamo katika mkunjo wa brashi.

Fernando Ortiz wa Havana alilihisi tatizo la neno mapema. Mwaka 1940, katika kitabu chake juu ya tumbaku na sukari, alilikataa neno la wataalamu wa wakati wake lililomaanisha mtu kuvishwa utamaduni wa mwingine, akaunda neno transculturación ili kutaja safari yenye hatua tatu: kupoteza, kupata, na kuzaliwa kwa kitu ambacho hakikuwapo upande wowote. Wachina aliwataja miongoni mwa waliopitia safari hiyo. Neno lake ni zito kulitafsiri, na si lazima Kiswahili kilibebe lote. Kitenzi kutwaa, kikitumiwa kwa uangalifu, kingefanya sehemu kubwa ya kazi: Santiago ilitwaa zumari, China ilitwaa surna, Waswahili walitwaa chai, neno ambalo mwanzo wake ni Kichina na lililopita Uajemi na Bara Hindi kabla ya kufika pwani. Kitenzi hiki kina mtendaji. Wataalamu wa Kiswahili wanajua gharama ya kukosa mtendaji: kwa muda mrefu wingi wa maneno ya Kiarabu ulitumiwa kudai kwamba lugha yenyewe ni ya Waarabu, kana kwamba wasemaji wa Kibantu waliokuwa wakiyanyambua maneno hayo, wakiyatia viambishi na kuyapa irabu za mwisho, walikuwa wamelala.

Pingamizi moja lahitaji kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba, ikiwa mtwaaji ndiye mwenye kitendo, basi aliyeleta hana thamani, na makuli 125,000 wamefutwa mara ya pili. Hofu hiyo ina msingi, na Santiago yenyewe yaonyesha hatari yake: mwenye kulipuliza zumari huenda asijue chochote juu ya mnada wa Havana. Ila kutwaa hakuwezekani pasipo muda na ujirani. Ushahidi wake uko karibu, katika reli ya Matadi. Mwaka 1892 wajenzi wa reli hiyo waliletewa Wachina wapatao 540 kutoka Macau na Hong Kong. Haukupita muda mrefu, mamia kati yao walikuwa wamekufa au wametorokea porini. Hakuna mtaa waliouacha Matadi, hakuna mchezo wa namba, hakuna zumari, na haikuwa kwa sababu Wakongo wa Mto walikosa masikio ya kusikia kitu kipya. Waliokuja hawakuachwa hai muda wa kutosha kuwa majirani wa mtu yeyote. Husimuliwa kwamba baadhi ya watoro walionekana baadaye ndani kabisa ya nchi, mamia ya kilomita kutoka reli, wakielekea mawio ya jua, ambako walidhani wangeipata pwani na meli ya kuwarudisha kwao.